Anayegonga Saa Nane Mchana

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimejitwika! Mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila kulazimishwa na mtu.

Asubuhi Bwana Makongoro, meneja, alituita wote akatusomea barua. Mkaguzi anakuja tarehe 24. Anataka kujua jambo moja: mtu aliyekaa kwenye benchi la wafugaji na simu yake, akiwa ndani ya Wi-Fi yetu ya bure, je, anaweza kufika kwenye matangi ya maziwa? Jibu ninalo tangu Machi. Anaweza! Mtandao wetu wote, kiwanda hapa Musoma, kituo cha Bunda na kituo cha Butiama, ni ua mmoja usio na kuta. Simu ya mfugaji wa Bugwema, kompyuta ya meneja na tangi la lita elfu mbili, wote wamelala mkeka mmoja.

Isidori, fundi wetu wa majokofu, akasema waitwe watu wa Mwanza. Alisema hii ni kazi ya kampuni, si ya mtu aliyeajiriwa juzi. Na mimi, fundi wa mtandao, nimekaa pale pale mbele yake! Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Nikasema naifanya mwenyewe, kwa wiki mbili, kwa fayawoli hizi hizi tulizonazo, hawa walinzi wa mtandao. Makongoro akaniangalia juu ya miwani. Akasema sawa, Dafroza, ila tukianguka tumeanguka na wewe.

Kuna jingine sikulisema pale. Mama Matrida. Ndiye mpokea maziwa wa Butiama, miaka kumi na moja kazini, na amesimamishwa tangu Aprili. Jumapili ile ya tarehe 6 tangi lake liliacha kupoza mchana. Jioni lita elfu moja mia nane zilikuwa zimechacha, zikamwagwa. Wote wanasema alilizima mwenyewe kwa uzembe. Yeye anasema hakugusa kitu. Anasema taa ya kijani ilikuwa inawaka na tangi liko kimya. Isidori akaandika kwenye ripoti neno moja: haiwezekani. Bodi inakaa Ijumaa ya tarehe 27 kuamua arudi au afukuzwe.

Mimi ni mtoto wa Butiama. Maziwa ya mkono wa mama yule nimeyanywa kabla sijajua kusoma. Na najua – NAJUA – kuna mtu aliliingilia tangi lile kwa njia ya mtandao. Nikishajenga kuta nitamwona.

Jumanne, 10 Juni 2025

Makongoro alitaka nimweleze "kwa lugha ya binadamu". Nikachora kwenye ubao. Kanda nne. NJE ndiyo intaneti, humo wamo malaika na mashetani. WAGENI ni Wi-Fi ya benchi. OFISI ni kompyuta zetu. MATANGI ni zile mashine zinazopoza maziwa. Fayawoli inasimama katikati, na sheria ya kwanza ni kwamba hakuna anayevuka kwenda kwa mwenzake. Halafu ndiyo unaandika ruhusa, moja moja, na unasema nani ndiye anayeanza.

Akauliza: sasa kama hawavuki, tangi likiulizwa joto lake litajibuje? Nikaona bado hajashika. Nikamwambia – Mzee, mkweo akija nyumbani anaishia wapi? Maana ameoza binti mwezi uliopita. Akacheka. Akasema anaishia sebuleni. Jikoni kwa mama mkwe wake hatii mguu, na mkono hawapeani. Na kuongea? Akasema mama mkwe akisalimia, mkwe anajibu. Mkwe aanze yeye? Thubutu!

Basi, nikasema, tangi ndiye mkwe. Akiulizwa anajibu, na jibu linarudi njia ile ile. Yeye hamwanzi mtu. Tena si OFISI yote inayoruhusiwa kumwuliza, ni kompyuta ya kazi ya Isidori na laptop yangu, basi. Mgeni wa benchi hata jina la mkwe halijui.

Makongoro akapiga meza. "Kumbe hii fayawoli ni mila tu!"

Hadi saa saba kiwanda kizima kilikuwa kinaliita tangi mkwe. Wasichana wa kufungasha wanapita wameinamisha vichwa. Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Miaka mitatu chuoni hakuna mwalimu aliyenieleza hivi, nimejieleza mwenyewe.

Jumatano, 11 Juni 2025

Siku nzima kuandika majina ya mashine na anwani zake. Upepo wa ziwa unapiga dirisha, ofisi yangu ndogo, joto. Ile kompyuta kuukuu ya kona, iliyo nyuma ya kiti changu, saa nane ikaanza kuvuma feni kama mashine ya kusaga. Nikaipiga kofi. Ikaendelea weee, baadaye ikanyamaza yenyewe. Nitaomba nyingine mambo yakitulia.

Alhamisi, 12 Juni 2025

MUSOMA TAYARI! Kanda nne zimesimama. Nilikwenda benchini na simu yangu kama mfugaji, nikajaribu kufungua ukurasa wa tangi. Simu ikazungukazunguka, ikakata tamaa. Nikajaribu kompyuta ya mapokezi. Imekataa. Kompyuta ya kazi ya Isidori? Inaona joto, nyuzi nne, safi. Hata yeye alikuja kuchungulia. Akaguna. Guno la Isidori ni cheti.

Kitu kimoja tu: fayawoli ya Musoma ni kuukuu, kumbukumbu yake ndogo, kwa hiyo sijaiamuru iandike wote iliowakataa. Za Bunda na Butiama ni mpya. Hizo zitaandika kila anayegonga.

Ijumaa, 13 Juni 2025 (Guta, karibu na Bunda, kwa shangazi)

Aibu yangu. Naiandika kwa sababu hakuna wa kuisoma.

Nilikuwa Musoma, nimekunja miguu, naipanga Bunda kwa mbali. Nikaandika ile sheria ya kwanza – hakuna anayevuka – kabla sijaandika ruhusa yangu mimi. Nikabonyeza. Fayawoli ya Bunda ikanitii. Ikanifungia nje mimi mwenyewe! Na Bunda nzima ikapotea, kituo kikarudi kwenye daftari na kalamu.

Nikakimbilia Bunda. Nimefika jua linazama. Kabati la mitambo limefungwa na ufunguo anao Masanja, mkuu wa kituo. Nikamkuta kwake ameshaoga, nguo nyeupe za watoto zimepigwa pasi, chakula cha kesho kimepikwa. Msabato! Nimesahau. Nimeishi Mara miaka yote hii nimesahau Ijumaa ni Ijumaa, jua likizama Sabato imeingia.

Nikasema, kaka Masanja, nipe tu ufunguo nikafungue mwenyewe. Akasema taratibu: "Dada Dafroza, nikikupa ufunguo ukafanye kazi, si ni mimi nimekutuma?" Nikamtupia Biblia: ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, hamumtoi? Akacheka sana. Akasema, "Maziwa ya kesho wanayapokeaga kwenye daftari hata umeme ukikatika. Ng'ombe wako hajatumbukia, amelala tu. Na wewe ukalale."

Sheria yake haina tundu hata moja. Ningependa kuandika fayawoli kama Masanja.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Sikuwa na la kufanya, nikaenda kanisani na kina Masanja. Mimi Mkatoliki, nimeketi kati ya mke wa Masanja na mama yake, naimba nyimbo nisizozijua. Katikati ya somo nikaelewa kosa langu lote kwa utaratibu: kwanza mlango wa mwenyewe, ndipo ukuta. Na ukijenga kwa mbali, iambie mashine kwamba nisipokuthibitishia ndani ya dakika kumi, rudi ulivyokuwa. Nilitamani kusimama nitoe ushuhuda!

Jua lilipozama wakafunga Sabato kwa wimbo na sala. Masanja akatia "amina", akanyanyuka na ufunguo mkononi siku hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo. Tukaenda. Dakika kumi na nane tu! Bunda iko hewani. Bunda haina tangi, kwa hiyo ni OFISI na WAGENI basi, kazi nyepesi. Masanja akasema, "Unaona? Umepumzika, mkono umekuwa mwepesi."

Alhamisi, 19 Juni 2025

BUTIAMA!! Nimefika na lori la maziwa, baridi ya asubuhi inauma masikio. Hapa sikucheza: mlango wangu kwanza, dakika kumi za tahadhari, ndipo ukuta. Kanda zote nne zimekubali mara moja.

Halafu lile tangi. Tangu Aprili waliuchomoa waya wake wa mtandao wakawa wanaliendesha kwa mkono. Ndilo kongwe kuliko yote tuliyonayo, na kompyuta yake ya kudhibiti ni ya zamani kiasi kwamba hata aliyeitengeneza nadhani ameshastaafu. Nikauchomeka waya, ndani ya kanda ya MATANGI, likiwa nyuma ya ukuta wake. Likasalimia. Nyuzi nne nukta mbili. Karibu nyumbani, mkwe!

Nikapita kwa Mama Matrida. Yupo, anapalilia mhogo ambao hauhitaji palizi. Amekonda. Watu wanaacha kumsalimia sokoni, alisema, wale wale aliowapokelea maziwa. Mmoja alimwambia kwamba maziwa yaliyomwagwa yalikuwa ya ada ya mtoto wake. Akaniuliza kama kule ofisini naye namwogopa. Nikasema mama, wewe subiri. Nakuletea mtu.

Nimeahidi kitu ambacho sina. Lakini leo najisikia kwamba ninacho.

Jumatatu, 23 Juni 2025

NIMEMKAMATA! Bado jina. Lakini nimemkamata!

Asubuhi nikafungua logi ya Butiama, lile daftari ambamo fayawoli huandika kila iliyemkataa. Ijumaa, wawili watatu, simu za wafugaji zinatangatanga. Jumamosi, hakuna. Jumapili – jana! – saa nane kamili mchana, mistari elfu moja na zaidi! Mtu amegonga kila mlango wa lile tangi, mmoja baada ya mwingine, na kila mara ukuta wangu umeandika: amekataliwa, amekataliwa, amekataliwa. Jumapili, saa nane. Kama ile Jumapili ya Mama Matrida!

Na ametokea wapi? Si NJE wala WAGENI. Ametokea OFISI ya Musoma. Kwetu hapa! Ila Butiama inatuona sisi wote wa Musoma, isipokuwa zile mashine mbili zenye ruhusa, kwa anwani moja, kama watu waliotokea geti moja, kwa hiyo sura yake haionekani. Nikamwuliza mlinzi. Anasema jana hakuna aliyeingia ofisini. Basi ni mashine imeachwa inafanya kazi yenyewe, kwa ratiba. Binadamu hagongi saa nane kamili bila kupungua sekunde. Mjanja!

Nikaingia kwa Makongoro bila kubisha hodi. Akasoma, akasoma tena. Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Akasema atawaita wote Ijumaa, bodi, vituo vyote, na Mama Matrida mwenyewe, nimtaje mtu huyo hadharani. Nikasema Ijumaa jina utakuwa nalo.

Chai ya saa nne wakanizunguka: ni nani, ni nani? Sikutaja jina. Niliangalia tu upande wa Isidori. Ni nani aliyetaka Mwanza waje? Ni nani aliyeandika "haiwezekani"? Kompyuta yake ya kazi ina ruhusa, kweli, isingekataliwa, lakini ana laptop nyingine anakuja nayo kwenye begi. Hadi jioni meza ya Isidori ilikuwa na kikombe kimoja tu.

Sitasema uongo humu. Nimefurahi.

Jumanne, 24 Juni 2025

TUMEPITA!!!

Mkaguzi ni mama mmoja mpole, sauti ndogo, begi dogo. Nikajua walio hivyo ndio hatari wenyewe. Akakaa benchini na wafugaji kuanzia saa tatu. Mzee mmoja akamwuliza na yeye ameleta lita ngapi. Akajibu hajaleta, ng'ombe wake wamekauka. Akajaribu tangi la Musoma. Akajaribu Bunda, Butiama. Akaomba achomeke waya kwenye ofisi ya mapokezi, nikampa. Akajaribu kujifanya kompyuta ya Isidori. Mimi nimesimama mlangoni na mikono imelowa jasho kama nakamua ng'ombe.

Saa tisa akafunga laptop. Akasema, "Nimeshindwa." Neno moja hilo! Akauliza nani amejenga. Makongoro akanisukuma mbele. Akauliza nilijifunzia wapi kuanza na kukataa kwanza, maana kampuni kubwa nyingi hazifanyi. Nikasema kwa mkwe na mama mkwe. Akaandika kwenye karatasi yake, nadhani aliandika hilo hilo.

Jioni Makongoro alileta sato wa kuchoma kwa wote, ugali wa mtama, na akasimama akasema watu wa Mwanza wabaki Mwanza. Wakapiga makofi. Isidori alipiga matatu, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa imeshika chakula.

Nilitembea mpaka nyumbani Kigera kwa miguu, kiburi kilikuwa hakitoshi kwenye bodaboda.

(Kwa fayawoli ya Musoma, leo nimewasha na yenyewe iandike iliowakataa. Kumbukumbu ndogo, ndiyo, lakini mpaka Ijumaa itavumilia. Ilipofika saa nane nilikaa kuangalia, katikati ya shughuli zote. Hakuja. Kesho tena.)

Jumatano, 25 Juni 2025

Saa nane kasoro tano nilifunga mlango, nikavuta kiti, logi ya Musoma mbele yangu. Chai imepoa. Wote wako chakulani. Saa nane kasoro moja. Nilikuwa natabasamu, naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Saa nane. Mistari ikaanza kushuka. Amekataliwa, amekataliwa, amekataliwa. Nikapiga meza nikasema umekwisha!

Na nyuma yangu feni ikaanza kuvuma.

Sikugeuka kwanza. Nilisoma anwani. Inaishia na 47. Nikafungua orodha niliyoiandika kwa mkono wangu tarehe 11. Na 47 ni kompyuta ya kona.

Niliiwekea ile programu mimi, Alhamisi ya tarehe 3 Aprili. Nilikuwa mgeni, nilitaka kujua tuna mashine ngapi kwenye vituo vyote. Programu hupita inagonga kila mlango wa kila mashine, inauliza nani yumo, basi, haina ubaya. Nikaipa ratiba na maelezo pembeni, maneno yangu mwenyewe: Jumapili na Jumatano saa nane, watu hawapo kazini au wako chakulani, nisiwasumbue. Orodha nikaipata siku zile zile. Programu nikaisahau.

Mara yake ya kwanza kufanya kazi ni Jumapili, tarehe 6 Aprili, saa nane mchana.

Nimeizima. Sijala.

Alhamisi, 26 Juni 2025

Kugonga si kuzima. Hilo ndilo nililojiambia kutoka Musoma mpaka Makutano. Kugonga si kuzima, kugonga si kuzima. Matangi mangapi yamegongwa duniani na hayajafa.

Butiama, saa nne. Lori limeshanyonya maziwa yote, tangi tupu, limeoshwa. Nilimwomba Mama Matrida aje awe shahidi. Alikuja amejifunga kitenge kipya, hakuingia ndani mpaka nilipomshika mkono. Alisema walimkataza kukanyaga. Nikaliwasha tangi. Likaunguruma. Nikajifungulia milango yake yote kwa dakika tano, nikaweka programu ile ile kwenye laptop yangu, nikabonyeza.

Sekunde thelathini na nane.

Tangi likanyamaza. Ungurumo ukakatika kabisa. Na taa ya kijani inawaka! Kijani safi, kama hakuna kilichotokea! Kompyuta yake ya zamani ilizidiwa na maswali, ikaganda, na kugandisha kila kitu ikiwa inasema kila kitu kizuri.

Mama Matrida aliangalia taa. Akaangalia tangi. "Nilisemaga mimi," akasema. Taratibu kwanza. Halafu akapaza: "Nilisemaga! Taa inawaka na mashine imekufa, nilisemaga hapa hapa!" Akapiga vigelegele. Wanawake waliokuja na ndoo zao wakaingia, akawaonyesha taa, mmoja mmoja, yule wa ada pia. Yule mama aliweka ndoo chini akamkumbatia. Walilia wote wawili.

Niliwahi kushinda kitu kikubwa hivi? Sijawahi. Kila nililolisema tarehe 9 ni kweli. Kuna mtu aliingia kwa mtandao. Nimejenga kuta na nimemwona.

Mama Matrida akanishika uso kwa mikono yote miwili, mikono inanuka mhogo na moshi. Akasema umenitoa shimoni mwanangu. Kisha akauliza, "Ni nani sasa?"

Nikasema kesho, mama.

Akasema, "Usimwonee huruma huyo mtu." 

Ijumaa, 27 Juni 2025 (benchini, nje ya ukumbi)

Wako ndani. Wajumbe saba wa bodi, Mama Matrida, Masanja kutoka Bunda, wafungashaji wote, Makongoro ameniwekea kiti mbele kabisa na chupa ya maji. Nimeambiwa nisubiri nje mpaka wamalize kusoma barua ya mkaguzi. Wanapiga makofi humo ndani kila aya.

Nina karatasi nne. Ya kwanza kanda. Ya pili logi. Ya tatu jaribio la jana, na sahihi ya Mama Matrida kama shahidi. Karatasi hizo tatu zinatosha kumrudisha kazini. Nimehesabu hivyo asubuhi nzima. Zinatosha. Ningesema mashine ya OFISI, bila kusema ya nani. Ni kweli pia.

Ya nne ina namba 47, na tarehe 3 Aprili, na jina langu. Imo katikati ya nyingine. Nimeitoa mara mbili. Nimeirudisha mara mbili.

Mama Matrida alifika saa mbili na kibuyu cha maziwa mgando, kimefungwa majani mdomoni. Zawadi yangu. Ninacho hapa miguuni. Alikifukiza kibuyu moshi wiki nzima, amesema, tangu siku ile niliyomwahidi.

Na Isidori yuko benchi hili hili, mwisho wa pili. Alikuja akaketi, kati yetu wanatosha watu wanne. Amevaa shati la Jumapili. Tangu Jumatatu hajala na mtu. Hakunitukana, nilitamani anitukane. Aliniambia bila kunitazama: "Kama ni mimi unayenitaja, niambie hapa kabla hatujaingia. Nimeshamwandaa mke wangu." Laptop yake ya begi ameileta. Ameiweka kwenye mapaja, amesema waikague.

Nilifungua mdomo. Makofi yakapigwa tena ndani, sikusikika, na kusema kweli sikuwa nimetoa sauti.

Anasubiri. Ameniangalia sasa. Namwona anajaribu kusoma ninachoandika.

Mlango umefunguliwa. Ni Makongoro, anacheka, miwani juu ya kichwa. Anasema haya Dafroza, zamu yako, ingia na huyo mtu wako.

Isidori amesimama.